Msafiri wa Kutazama Tu

Katika Fath al-Muin, kitabu cha fiqhi kilichoandikwa karne ya 16 na Zayn al-Din wa Malabar, India, na kinachosomeshwa mpaka leo katika darsa za pwani yetu, kuna mahali mwandishi anawahesabu watu ambao wakisafiri hawana ruhusa ya kupunguza sala. Anamtaja mtumwa mtoro. Anamtaja mwenye deni lililofika wakati wake, uwezo wa kulilipa anao, na ameondoka bila ya idhini ya anayemdai. Halafu, kwa kauli anayoiona kuwa sahihi zaidi, anamtaja mtu aliyesafiri kwa ajili ya kuona miji tu. Huyu wa mwisho hakumkimbia mtu wala hakumdhulumu mtu. Njia aliyopita ni halali na chakula alichobeba ni halali. Kilichomkosesha ruhusa ni kuwa hana analoliendea.

Nilisoma mahali hapo nikiwa kijana, Unguja, baada ya sala ya magharibi, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza swali. Safari tulizozijua zilikuwa za Pemba kwenda kuzika, za Dar es Salaam kumfuata daktari, za Makka kwa aliyejaaliwa. Sasa nimestaafu ualimu. Binti yangu ameolewa na anafanya kazi Málaga, kusini mwa Hispania, na msimu huu wa baridi nimeupitisha nyumbani kwake. Usiku wa kwanza wa kupanga alitandaza karatasi juu ya meza ya jikoni, Jumamosi zimeshuka upande mmoja na majina ya miji yamekaa upande wa pili, pamoja na nauli na saa za kuondoka. "Baba, wewe sema tu unataka kuona nini," akaniambia. Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule.

Kwa safari za kwenda na kurudi siku moja, Málaga ni mji uliokaa vizuri. Kituo cha treni na kituo cha mabasi vimepakana. Treni ya kasi inafika Córdoba kwa muda wa saa moja hivi, na basi la Granada linachukua saa moja na nusu au karibu mbili. Ronda iko milimani upande wa magharibi. Nerja iko ufukweni upande wa mashariki, na kutoka hapo basi dogo linapanda mlima mpaka Frigiliana. Kituo cha treni chenyewe kimepewa jina la María Zambrano, mwanafalsafa aliyezaliwa Vélez-Málaga mwaka 1904, akaondoka nchini mwaka 1939 mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na asirudi mpaka 1984. Nilipendezwa kuona kwamba watu wa mji huo wanaagana chini ya jina la mtu aliyejua kuondoka ni nini.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, aliyenuia kukaa mji mmoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, amekwisha kuwa mkaazi wa hapo. Kwa hiyo Málaga ilikuwa kwangu, na kila nilipotoka nilikuwa naanza upya. Masafa ya safari ni marhala mbili, ambazo kwa vipimo vya leo ni zaidi ya kilomita 80. Frigiliana haifiki. Ronda ni kama kilomita 100, Granada 125 na ushei, Córdoba kiasi cha 160. Binti yangu alikuwa na safu ya nauli na safu ya saa. Mimi nikaongeza ya sala. Safu hiyo wakati wa baridi ina uzito wake, maana jua la Januari kule linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, adhuhuri inaingia kama saa saba na nusu, na ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni jua limekwisha kuzama. Mtu aliyezoea mchana wa Unguja, unaolingana mwaka mzima, hupanga mambo mengi kuliko mchana huo unavyoweza kubeba.

Lakini masafa peke yake hayajibu swali. Ibn Taymiyya, aliyefariki akiwa kifungoni katika ngome ya Damascus mwaka 1328, alikataa kabisa kuweka kipimo. Kwake safari ni ile ambayo watu katika mazoea yao wanaihesabu kuwa safari, na mtu anayekwenda mbali kwa muda mchache akarudi siku hiyo hiyo anaweza asiwe msafiri hata kidogo. Katika zama zake huyo alikuwa ni mpanda farasi hodari, mmoja katika mji; leo ni kila mwenye tiketi ya treni ya Córdoba. Katika hukumu simfuati, nimelelewa na marhala mbili na nitabaki nazo. Hata hivyo ameligusa jambo lenyewe. Mtu aliyelala kitandani kwake usiku wa kuamkia safari, na usiku unaofuata akalala kitandani hapo hapo, mchana ule alitoka kweli, au nyumba yake ilimfuata mpaka kwenye kiti cha dirishani?

Iko hoja nzito dhidi ya kitabu changu, nayo inatoka katika Qurani yenyewe, ambamo watu wanaamrishwa mara kadhaa watembee katika ardhi na watazame. Binti yangu, ambaye naye kasoma chuoni akiwa mdogo, alinitolea hoja hiyo huku akikata vitunguu. Kama kutazama kumeamrishwa, vipi kusiwe kusudio la safari? Nilikaa na maneno yake siku nyingi. Jibu nililolipata ni kuwa amri ile haiishii kwenye kutazama. Yametajwa ya kutazamwa: waliotangulia na namna walivyoishia, na jinsi Mungu alivyoanzisha viumbe. Jicho limepewa kazi ya kufanya. Wala kitabu hakikumnyima ruhusa anayesafiri ili ajue. Hata anayekwenda kupumzisha nafsi hakunyimwa, maana wanazuoni wetu wameikubali burudani kuwa kusudio sahihi, kwa kuwa nafsi ina maradhi yake na hewa safi ni dawa mojawapo. Aliyenyimwa ni yule ambaye miji kwake ni miji tu. Ukimwondoa Ronda ukamweka Granada, hakuna kilichobadilika kwake isipokuwa picha.

Na sisi wa pwani tuna deni kwa macho ya msafiri mmoja. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na kwa kuwa alitazama vizuri tunajua leo kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao na kwamba watu waliosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia. Karibu miaka ishirini baadaye mtu huyo huyo alipita njia ambayo mimi nilikuwa naipanga kwa mabasi: Ronda, Marbella, Málaga, Vélez, Granada. Kati ya Marbella na Málaga alinusurika. Wavamizi wa Kikristo walikuwa wameshuka kutoka baharini na kulishambulia kundi la wapanda farasi lililomtangulia kidogo tu, wakaua na kuteka. Alipoingia Málaga alimkuta kadhi ameketi katika msikiti mkuu pamoja na wanazuoni na wakubwa wa mji, wanachangisha fedha za kuwakomboa mateka hao. Amezisifu tini za Málaga, vyombo vyake vya udongo vya rangi ya dhahabu, na ua wa msikiti wenye michungwa. Mimi nimeshikwa na ule mchango. Aliyekuja kutazama tu angeiandika michungwa akaendelea na njia. Ibn Battuta alitaka kujua zile fedha zinamkomboa nani, na akaliweka jambo hilo katika maelezo ya mji kama sehemu ya mji.

Kisha akafika Granada, na huko, katika bustani, akakutana na kijana aliyeitwa Ibn Juzayy. Kijana huyo ndiye baadaye aliyeyaandika masimulizi yote ya safari zake, Kilwa ikiwamo. Maana yake ni kuwa maelezo tunayoyategemea kuhusu Kilwa ya 1331 yamepita katika kalamu ya mtu wa Granada. Nilipolikumbuka hilo nilimwambia binti yangu: Granada nina la kuiendea.

Tulikwenda. Tulipanda kwa miguu mtaa wa Albaicín, vichochoro vyembamba vya mawe ambavyo mtu wa Mji Mkongwe havimsumbui, mpaka kwenye msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 kando ya uwanja wa San Nicolás. Tukasali adhuhuri, na Alhambra iko mbele yetu ng'ambo ya bonde. Ndani ya Alhambra sikuingia. Tiketi za majumba ya Wanasri hukatwa kwa saa maalumu na huwahi kwisha, na binti yangu alikuwa tayari kukesha na simu akizitafuta. Nikamwambia aziache. Ndugu na marafiki waliposikia walisikitika kwa niaba yangu, wakaniuliza mtu anafikaje Granada asiingie Alhambra. Nawaelewa, na wala sisemi kuwa anayeingia amekosea. Mimi siku ile nilikuwa na jambo moja, na mchana ulikuwa mfupi.

Córdoba ndiyo iliyonipa kazi kubwa zaidi. Niliikusudia kwa ajili ya Ibn Rushd, aliyezaliwa hapo mwaka 1126 na kuwa kadhi wa hapo, kwa sababu katika Bidayat al-Mujtahid amelipanga swali langu kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Anaeleza kuwa wanazuoni wamehitilafiana katika masafa ya safari, tena wamehitilafiana katika aina ya safari yenyewe. Wako wanaotaka iwe ya ibada kama hija, wako wanaokubali kila safari ya halali, na Abu Hanifa anakubali safari yoyote, hata ya maasi. Halafu anafanya lile ninalompendea, anauliza hitilafu hiyo imetoka wapi. Anayeangalia mashaka ya njia anafika pengine, na anayeshika jina la safari kama lilivyo anafika pengine. Ibn Rushd alifariki Marrakesh mwaka 1198 na mwili wake ukarudishwa Córdoba. Ibn Arabi, aliyekuwapo, anasimulia kwamba mwili ulipakiwa upande mmoja wa mnyama na vitabu alivyoviandika vikawekwa upande wa pili ili mzigo usawazike. Sanamu yake imeketi nje ya ukuta wa zamani, karibu na lango la Almodóvar. Mimi si mtu wa masanamu, lakini nilisimama pale nikamwombea rehema.

Halafu kuna ule msikiti. Abd al-Rahman wa Kwanza aliuanza mwaka 785, waliomfuata wakauongeza mara baada ya mara, na nguzo zilizobaki mpaka leo ni 856. Mwaka 1236 mfalme Ferdinand wa Tatu aliuteka mji na msikiti ukatabarukiwa kuwa kanisa. Mwaka 1523 ujenzi wa kanisa kuu ulianza katikati yake, ingawa baraza la mji lilipinga kwa nguvu zote. Leo ni kanisa kuu la Katoliki na Mwislamu haruhusiwi kusali ndani. Mwaka 2010 kundi la wageni Waislamu lilijaribu, kukatokea vurugu na walinzi, na watu wakakamatwa. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu asubuhi, mtu anaweza kuingia bila ya malipo, na makundi yenye viongozi wa watalii hayaruhusiwi saa hiyo. Tulisali alfajiri nyumbani, tukachukua treni ya mapema, tukafika saa hiyo ikiwa bado.

Ndani yake swali langu liligeuka likanitazama mimi. Hapa ni mahali ambapo kutazama ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa. Ikiwa kutazama si kusudio, basi nimekuja bure. Na nikiifanya sala kuwa kusudio langu, nimekusudia nisiloweza kulitimiza ila kwa kujificha au kwa ugomvi, na sala ya namna hiyo mimi siijui. Wako ndugu zetu wanaosema pahali kama pale tusipakanyage kabisa, tukizidishe kidonda cha nini? Wengine wanasema tusali hata kwa nguvu, maana ni petu. Wote wawili nimewasikiliza na sikuweza kumfuata hata mmoja.

Petu? Kuna mapokezi kwamba kabla ya msikiti hapo palikuwa na kanisa la Mtakatifu Vicente, na wachimbaji wa mambo ya kale bado wanabishana juu yake. Nguzo nyingi zimetolewa katika majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi yaliyotangulia. Vijiwe vya rangi vinavyong'aa kwenye mihirabu vilitumwa kwa khalifa al-Hakam wa Pili na mfalme Mkristo wa Constantinople, pamoja na fundi wa kuvipanga. Hata kibla cha mihirabu hiyo kimeelekea kusini zaidi kuliko Makka ilivyo. Mtu anayetaka kusema neno "petu" mbele ya ukuta ule ana mambo mengi ya kuyanyamazia kwanza, na padri anayelisema anayo yake.

Nilisimama mbele ya mihirabu, mikono yangu imeshuka, sikufunga sala. Nilimtaja Mungu moyoni. Nafsi yangu ilitaka kudai. Nilisikia kabisa inavyotaka, joto lilinipanda mpaka masikioni. Nikafanya kazi ya kutazama bila ya kudai. Ni kazi kweli, na inachosha. Nilikumbuka kanisa la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 penye soko la watumwa. Miaka yangu ya ualimu niliwapeleka pale wanafunzi, karibu wote Waislamu. Hawakusali pale wala hakuna aliyewataka wasali. Walitazama, na walijua wanachokitazama ni mwisho wa nini, na ni akina nani waliokuwa wakiuza na kuuzwa. Sikupata hata siku moja kufikiri kuwa watoto wale walikwenda bure. Basi na mimi Córdoba sikwenda bure, na msafiri wa aina hiyo simwoni kuwa ndiye anayekusudiwa na Fath al-Muin. Adhuhuri na alasiri nilizikusanya ufukweni mwa mto Guadalquivir, karibu na daraja la Kirumi, rakaa mbili na mbili, na moyo wangu haukuwa na shaka.

Ronda shaka ilikuwepo. Ni mji wa Ibn Abbad, aliyezaliwa hapo mwaka 1333 na kuandika sherehe ya Hikam za Ibn Ata'illah, kitabu kinachopendwa sana na watu wa tarika kwetu. Na ndani ya Hikam mna onyo juu ya safari inayozunguka kutoka kiumbe hadi kiumbe na kuishia pale ilipoanzia, onyo ambalo kwa mtu mwenye tiketi ya kwenda na kurudi siku moja linauma. Lakini ukweli ni kwamba Ibn Abbad nilimkumbuka tiketi zimekwisha kukatwa. Tulikwenda Ronda ili mjukuu wangu alione daraja, lile la mita 98 lililomalizika mwaka 1793, na alipoliona alifurahi mpaka akashindwa kusema. Je, nia inayokuja nyuma ya tiketi ni nia, au ni pambo tunaloitundikia safari ili ipendeze? Nadhani nia inaweza kuchelewa ikawa ya kweli, lakini hukumu haiwezi kujengwa juu ya nadhani yangu. Nilisali kamili, rakaa nne nne. Madhehebu yetu yenyewe yanasema chini ya marhala tatu kukamilisha ni bora zaidi, basi sikupoteza kitu.

Mahali palipobaki ni Frigiliana, ambapo fiqhi haipahesabu kuwa safari na ambapo sikutazamia kitu zaidi ya kuta nyeupe na chai. Katika vichochoro vyake wamebandika vigae vya udongo vinavyosimulia, kipande kwa kipande, habari za Wamorisko, Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Mwaka 1567 mfalme Philip wa Pili aliwapiga marufuku lugha yao ya Kiarabu, nguo zao na hamamu zao. Mwaka uliofuata waliasi, na mwaka 1569 walijikusanya juu ya jabali lililo karibu na kijiji, wakashindwa na wengi wakauawa. Kuanzia 1609 hadi 1614 waliobaki Hispania nzima walifukuzwa. Binti yangu alikuwa akisoma Kihispania cha kila kigae na kunifasiria, nasi tunapanda ngazi taratibu. Kilomita hamsini na kitu kutoka kitandani kwangu, na lile la kutazamwa, mwisho wa waliotangulia, nimelikuta hapa waziwazi kuliko Córdoba na nguzo zake zote.

Mjukuu ndiye aliyeuliza. "Babu, walikwenda wapi?" Nikamwambia wengi walivuka bahari kwenda Moroko, Algeria na Tunisia. Tunisia kuna mji wa Testour waliouanzisha wao. Na hata kabla yao, mwishoni mwa karne ya 15, watu wa Granada wakiongozwa na Ali al-Mandari waliujenga upya Tetouan. Akataka kujua Tetouan ni mbali. Si mbali, ni ng'ambo ya mlango wa bahari. Usiku huo binti yangu aliitoa tena karatasi yake, tukahesabu basi la Algeciras, meli, na gari ya upande wa pili, ikaonekana kuwa kwenda na kurudi siku moja haiwezekani ila kwa kupita mbio, na hilo mimi nilikataa. Tutalala huko usiku mbili au tatu. Kwanza inabidi tuangalie kama viza yangu inaniruhusu kutoka Hispania na kuingia tena.